Zamani Miji Ilikuwa Safi: Kwa Amri ya Nani?

Kila Dominika Misa ikiisha tunasikia neno lilelile mbele ya kanisa. Mvua imenyesha, njia imekuwa matope, akina mama wamevua viatu wapate kuvuka mtaro. Mzee mmoja anatikisa kichwa na kusema: «Wakati wa Wabelgiji mambo haya hayakuwako. Mitaro ilizibuliwa, taa ziliwaka, takataka ziliondolewa. Siku hizi wakubwa wa mji wanakula fedha tu.» Na vijana, ambao wakati ule hawakuuona hata siku moja, wanaitikia: «Ndiyo, baba, zamani ilikuwa njema.»

Neno hili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo linadanganya watu wengi. Hatubishi habari ya mitaro. Mitaro ilizibuliwa kweli. Twabisha lile linalofuata mitaro, yaani fikira ya kwamba zamani baraza la mji lilisikiliza watu na kutunza fedha yao vizuri, na kwamba tungelirudia desturi zile tungelipona. Tunasema: sivyo. Ugonjwa unaotusumbua leo ulizaliwa wakati uleule ambao wazee wanausifu. Tuutazame basi, bila hasira na bila woga.

Tuchukue mji mmoja, Lubumbashi, ambao zamani uliitwa Elisabethville. Ulianzishwa mwaka 1910. Ulikuwa mji mmoja kwa jina, lakini kwa kweli ilikuwa miji miwili: mji wa Wazungu, na site ya watu weusi, na katikati ya miji hiyo uwanda mtupu ulioachwa makusudi. Usiku mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi. Mchana aliruhusiwa, maana nani angalifagia zile njia safi tunazozisifu?

Tarehe 23 Novemba 1931 serikali ya Ubelgiji ilitoa dekreti juu ya miji ya watu weusi. Miji hiyo iliitwa Centre Extra-Coutumier, maana yake mji wa watu waliotoka katika utawala wa mila. Kila Centre ilipewa chifu, ikapewa baraza, ikapewa hata mfuko wake wa fedha. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri, na hatukatai kwamba walikuwako watawala wa Kibelgiji waliolipenda kwa moyo safi. Lakini chifu aliteuliwa na serikali. Wanabaraza nao waliteuliwa na serikali. Na juu ya wote aliketi mtawala Mzungu, mlezi wa Centre, kama vile mtoto yatima anavyowekewa mlezi wa kumshikia urithi wake.

Sasa mfikirie mwenyewe safari ya ombi moja. Wakaaji wa mtaa fulani wanahitaji bomba la maji, maana wanawake wao wanatembea mbali na ndoo kichwani. Wanamwambia mzee wa mtaa. Mzee anampelekea mwanabaraza. Mwanabaraza anasema barazani, na wenzake wote wanakubali kwa sauti moja. Je, bomba limepatikana? Bado. Baraza lilikuwa na ruhusa ya kutoa shauri. Shauri linaandikwa na kupelekwa kwa mlezi. Mlezi akiliona ni jema, ataliweka katika hesabu ya mwaka, na hesabu hiyo itakwenda mbele kwa wakubwa wake ikubaliwe. Akiliona si jema, linabaki katika kabati. Hakulazimika kuwaeleza wakaaji kwa nini. Wakaaji walilipa kodi ya viwanja, walilipa ushuru wa soko, na shauri lao lilikuwa na uzito sawa na salamu tu.

Wengine watatujibu: «Watu wale walikuwa bado hawajui kutunza fedha.» Hayo ni maneno ya bure, na Katuba ni shahidi. Baada ya Vita vya pili vya dunia mji ulijaa watu, nyumba hazikutosha. Bwana Grévisse, mtawala aliyeijua Centre ya Elisabethville kuliko wengine, hata akaandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1951, alitumia mpango wa mikopo: wakaaji wakopeshwe vifaa, wajijengee nyumba wenyewe, walipe pole pole. Mtaa wa Katuba uliinuka hivyo, nyumba baada ya nyumba, kwa mikono ya wafanyakazi waliochoka kutoka kazini. Tunauliza: mtu aliyeaminiwa kukopeshwa simenti na mabati, akajenga, akalipa deni lake, kwa nini hakuaminiwa kukata neno bomba liwekwe wapi? Hakuna anayeweza kutujibu. Haikuwa habari ya kujua au kutojua.

Na kwa kuwa tunasema kweli, tusiifiche kweli ya nyumbani kwetu. Askofu de Hemptinne, mkubwa wa misioni za Katanga miaka ile, hakupendezwa na Centre ya Elisabethville. Aliipinga waziwazi. Watu wa Eklezya nao walikuwa na hofu yao ya kuona watu weusi wa mjini wakijitawala, hata kwa kiasi kile kidogo. Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1956 Maaskofu wa Kongo na Ruanda-Urundi walitangaza kwamba wenyeji wa nchi wana wajibu wa kusaidia manufaa ya wote, na kwa hiyo wana haki ya kushiriki katika uongozi wa mambo ya watu wote. Neno hilo lilikuwa jema. Lilikuja miaka ishirini na mitano baada ya dekreti.

Tena, ajabu iliyoje! Mwaka uleule wa 1931, mwezi wa Mei, Papa Pio XI alitoa waraka wake Quadragesimo Anno. Humo alifundisha kwamba ni kosa kubwa wakubwa kunyang'anya wadogo kazi ambayo wadogo wanaweza kuitimiza wenyewe. Kama familia inaweza, kijiji kisiinyang'anye. Kama mtaa unaweza, mji usiunyang'anye. Miezi sita baadaye ikatoka dekreti ya mlezi na kabati. Wabelgiji waliokuwa wakitutawala walikuwa wakatoliki wengi, walikwenda Misa kama sisi.

Sasa tuje mwaka 1957, mwaka ambao wazee wanaukumbuka kwa furaha. Tarehe 26 Machi 1957 ilitoka dekreti ya miji. Miji mikubwa iligawanywa kuwa komini, kila komini na baraza lake na burgumestre wake. Mwezi wa Desemba watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walikwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza. Wazungu wa Kongo nao walikuwa hawajapiga kura tangu wafike nchini. Koloni haikuwa na uchaguzi kwa mtu yeyote. Wanaume wa miaka 25 na zaidi ndio waliopiga kura. Wanawake hawakupiga kura. Yaani yule aliyebeba ndoo ya maji kichwani ndiye hasa hakuulizwa habari ya bomba.

Walakini ilikuwa siku kubwa, na hatutaki kuidharau. Kule Elisabethville komini za Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na Kenya, Katuba na Ruashi zilipata burgumestre weusi. Watu waliimba. Lakini watazame vizuri walichopewa. Juu ya burgumestre wote alikaa burgumestre wa kwanza, Mzungu, mtumishi wa serikali, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Maamuzi makubwa ya baraza la komini, na hasa hesabu ya mwaka, yalihitaji kibali cha serikali. Maduka makubwa, benki na nyumba za ghorofa vilikuwa katika komini ya Wazungu. Komini za watu weusi zilikuwa na watu wengi na mapato machache. Utajiri wa shaba ulipita mbele ya macho yao katika magari ya moshi, ukaenda zake. Burgumestre mpya alivikwa mkanda wa heshima begani, akakaa katika kiti, akafungua saraka ya meza, na mfuko haukuwamo.

Yule aliyelisema jambo hili waziwazi alikuwa Joseph Kasa-Vubu. Tarehe 20 Aprili 1958, siku aliyosimikwa kuwa burgumestre wa Dendale kule Léopoldville, hakutoa shukrani tu kama ilivyotazamiwa. Alisema uchaguzi wa komini hautoshi, akadai uchaguzi wa nchi nzima na haki ya watu kujitawala. Serikali ilikasirika, ikamkaripia. Lakini mtu yule alikuwa ameona: burgumestre asiye na mamlaka ni karani wa kupokea manung'uniko.

Kule Elisabethville mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na habari hii inatuuma hata leo. Burgumestre wanne wa komini za weusi wote walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao wa Kasai. Wenyeji waliona uchungu. Mwezi wa Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kikazaliwa, kikilia kwamba wageni wamekamata mji. Siku hizo zote watu waligombania nani akalie kiti. Hatuoni mahali popote ambapo Mkasai na Mkatanga waliungana kuuliza: kwa nini kiti hiki hakina mfuko? Wangalijiuliza pamoja, wangaliona kwamba Mkasai wa Katuba na Mkatanga wa Katuba wanakunywa maji ya bomba moja, na bomba hilo linakauka kwa wote wawili. Hawakujiuliza. Na sumu ile ya mwaka 1958 haikuisha. Tuliiona tena mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, wakilala katika vituo vya magari ya moshi pamoja na watoto wao. Tunaomba wale wanaosifu zamani waseme kama hayo nayo wanayasifu.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Baada ya uhuru wa 1960 nchi iliwaka moto, na nani alikuwa na nafasi ya kusoma hesabu za komini? Kisha Mobutu akashika nchi, na kufika mwaka 1968 burgumestre walikuwa wanateuliwa kutoka juu, kama machifu wa Centre mwaka 1931. Mlezi alirudi, ngozi yake tu ndiyo ilibadilika. Komini zikaitwa zone. Katika miaka ya 1970 tukafundishwa Salongo, kazi ya wote bila mshahara, kufyeka majani na kuzibua mitaro, maana mfuko uliotakiwa kulipa kazi hiyo ulikuwa mtupu na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza umetobolewa na nani. Mwaka 1982 ilitoka sheria ya kugawa madaraka tena, na tena madaraka yakabaki yalipokuwa.

Sasa tufike kwetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba katika mapato ya taifa, mikoa ina haki ya asilimia 40. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba katika sehemu hiyo ya mikoa, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na utemi. Fanyeni hesabu pamoja nasi, maana hata mtoto wa shule anaiweza. Katika franka 100, mikoa ipate 40. Katika hizo 40, komini na wenzake wapate 16. Franka 16 katika kila 100! Hizo ndizo fedha za mtaro wenu, za soko lenu, za taa yenu. Kila mtu aliyefanya kazi katika biro ya komini anajua kwamba fedha hizo hazifiki kadiri ya sheria. Zinafika pungufu, zinafika zimechelewa, au hazifiki kabisa. Hapo burgumestre anafanya nini? Anatuma watu sokoni kukusanya ushuru kwa mama anayeuza nyanya. Mama yule analipia mara ya pili mtaro ambao fedha yake imekwisha kutoka katika franka 16.

Mwezi wa Desemba 2023, katika miji mikuu ya mikoa, watu walichagua washauri wa komini, mara ya kwanza tangu Katiba ile. Miaka kumi na saba ilipita kabla ya jambo hilo. Tulisikia watu wakifanya kampeni, na, tunasema kwa huzuni, tulisikia tena maneno ya mwaka 1958: huyu ni wa kwetu, yule si wa kwetu. Hatukusikia wengi wakiuliza mgombea: baba, mama, ukiingia barazani, utatusomea hesabu?

Si kwamba haiwezekani. Kule Kivu ya Kusini, tangu miaka ya 2010 na kitu, komini za Ibanda na Bagira za mji wa Bukavu zilijaribu desturi nyingine. Wakaaji waliitwa katika mikutano, wakaambiwa mfuko wa kazi una kiasi gani, wakachagua wenyewe kazi ya kwanza. Jambo hilo lilifanywa hata katika chefferie ya Luhwindja, si mjini tu. Na watu walipoona kazi imefanyika, waliona afadhali kulipa ushuru kuliko kuukimbia. Hatusemi kwamba Bukavu imegeuka paradiso. Aliyepanda mlima wa Kadutu wakati wa mvua hatatuamini. Tunasema tu kwamba watu walewale, ambao tangu 1931 tunaambiwa hawajui kutunza fedha, walipofunguliwa daftari walijua la kufanya.

Nasi wakristu tungepaswa kuwa wa kwanza kujua, maana jambo hili limeandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa upande wa Wagiriki walinung'unika kwamba wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Tazameni walivyofanya Mitume. Hawakusema: «Tumesikia shauri lenu, tutaona.» Hawakuliweka katika kabati. Waliita mkutano wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, na kazi ile wakawakabidhi hao. Wasomeni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Waliolalamika ndio waliopewa ufunguo wa ghala. Mitume wangalikuwa kama serikali ya 1931, wangaliwateua Wayahudi wa Yerusalemu wawe walezi wa Wagiriki.

Lakini hapa twasikia mtu akicheka nyuma ya kanisa, nasi tunajua anachekea nini. Katika parokia zetu, hesabu ya sadaka husomwa? Katika baadhi husomwa kila mwaka, mbele ya watu wote, franka kwa franka, na tunawasifu mapadri na makarani wa parokia hizo. Katika nyingine hakuna anayejua kitu isipokuwa watu wawili. Tukiwaambia watu wa komini wafungue daftari huku daftari letu limefungwa, watatujibu kwa haki. Basi tuanze nyumbani, na tuanze mwaka huu.

Tumeambiwa pia kwamba kudai hesabu ni kuwadharau wakubwa, na kwamba mkristu mwema hulipa kodi na kunyamaza. Mtume Paulo alituagiza kulipa kodi, ni kweli. Hakutuagiza kunyamaza, yeye mwenyewe, alipotendewa kinyume cha sheria kule Filipi, alikataa kutoka gerezani kwa siri, akataka wakubwa wa mji waje wenyewe.

Katiba yetu, katika kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa, peke yake au pamoja na wenzake, na inawalazimisha wakubwa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Wazee wa Centre hawakuwa na kifungu kama hicho. Sisi tunacho, na wengi hatujakitumia hata mara moja. Kwa hiyo, jumuiya yenu ikiketi juma hili na kulalamika juu ya mtaro, mwacheni mmoja achukue kalamu. Aandike mambo mawili tu: tunaomba mtaro huu uzibuliwe, na tunaomba kusomewa hesabu ya komini ya mwaka uliopita, kilichoingia na kilichotoka. Watie sahihi wote, akina mama kwanza. Iandikwe tarehe. Ipelekwe biro ya komini, na nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri hupotea upesi. Kisha karani wa jumuiya atundike nakala hiyo katika chumba cha mikutano, aandike chini yake siku ya kutimia miezi mitatu.